Mwalimu Joash Omolo na Noti Iliyongoja Treni

Mwalimu Joash Omolo aliingia kazini katika shule yetu ya wasichana hapa Nakuru mwezi wa Januari 1931, na Ijumaa hii, tarehe 12 Desemba 1958, anafunga kifuniko cha piano na kukabidhi ufunguo. Kuna walimu hapa ambao hawajaishi duniani miaka aliyofundisha yeye. Mmoja wao ni binti yangu Zeddy, ambaye atatajwa mbele mahali panapostahili.

Mimi ni Mama Zeddy wa jikoni. Mwalimu Mkuu alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, walimu wote walitazama viatu vyao kama watoto ambao hawajasoma, ndipo akasema, "Basi aandike Mama Zeddy, ndiye aliyemlisha." Masomo yangu yaliishia darasa la nne, lakini la nne la zamani. Kisha akaniita kando akaniambia kwa upole, "Mama Zeddy, uandike juu ya Mwalimu, si juu ya Zeddy." Nimekubali. Lakini anayesimulia habari za mvua hawezi kuyaacha mahindi.

Baba yake Mwalimu alikuwa mtu wa reli. Alitoka Nyanza na genge la kupigilia misumari, akapewa chumba kimoja kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, na humo ndimo Joash alimokulia, mabehewa yakipita karibu na mto wake wa kulalia. Mpaka leo anasema hawezi kupata usingizi mahali penye kimya. Kanisani palikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na mke wa mchungaji, alipomwona mtoto yule haondoki pale hata kwa fimbo, akaamua ni rahisi zaidi kumfundisha. Alipokuja kwetu aliajiriwa kwa hesabu na kuimba. Hesabu aliifundisha sawasawa. Kuimba alifundisha mpaka ng'ombe wa jirani wakawa wanakuja wenyewe kwenye ua saa ya kwaya, na mwenye ng'ombe akalalamika kwamba maziwa yanabaki kwetu.

Kwa msomaji aliye mbali, ajue kwamba shule yetu iko kando ya reli, na kanisa la shule liko karibu zaidi, hata ukitema mbegu ya chungwa dirishani inaangukia kwenye kokoto za reli. Treni ikipita hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa hiyo tuna desturi yetu. Honi ikilia pale kwenye geti la reli, kila mtu hunyamaza mahali alipofika. Mhubiri huacha mkono hewani. Mwalimu wa hesabu husimama kati ya saba na mara nane. Hata mimi jikoni, nikiwa namgombeza mtu, humngojesha pale pale na kosa lake. Behewa la mwisho likishapita tunaendelea, bila kurudia neno. Wageni hutuona kama watu waliorogwa. Sisi tumezoea, hata tumesahau kwamba ni desturi.

Piano yenyewe ilikuja mwaka wa 1938, zawadi ya mama mmoja Mzungu wa Njoro aliyekuwa anarudi kwao. Ililetwa juu ya lori la ngano, imefunikwa turubai, na wanaume walioishusha waliapa kwamba ndani mna mtu. Ndani mlikuwa na panya na ukoo wake wote. Mwalimu aliifungua ile piano kipande kwa kipande, akavitandaza vyote juu ya magunia pale kanisani, na likizo nzima ikaisha hajalala kwake vizuri, mpaka mkewe, Mama Akeyo, akaja kuniuliza kama mume wake ameoa piano. Vinyundo vingine vilikuwa vimetafunwa. Akaniomba kofia kuukuu ya mume wangu, ile nzito ya manyoya, akaikata na kuvivalisha vinyundo kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo mkisikia noti za juu za piano yetu zina ulaini ambao piano nyingine hazina, hiyo ni kofia ya Baba Zeddy.

Mtu akila kwangu miaka yote hiyo, namjua. Mwalimu ni mtu wa ukoko. Ugali mweupe umpe mwingine, yeye umwachie ule ukoko wa chini ya sufuria, uliokauka, aule huku anatembea. Anavua viatu kabla ya kupiga piano, na soksi zake kila siku moja ina tundu, ile ya kulia, kwa sababu ya kukanyaga. Na neno lake kwa wasichana ni moja tu. Wakikaa vibaya, wakilegea, wakilia, wakifiwa, wakifaulu, yeye husema, "Mgongo." Basi wananyooka. Nimeona wasichana walioolewa na wenye watoto wakikutana naye sokoni, wakanyooka kabla hajasalimu.

Sasa niseme habari ya mitihani, maana ndiyo iliyomfanya Mwalimu ajulikane bonde zima.

Kila mwaka London huchapa kijitabu cha vipande vya piano vya mtihani, na kila mwaka vipande ni vingine. Mwezi wa Oktoba mtahini hutoka Uingereza, hupanda treni Nairobi, hushuka Nakuru, husikiliza, huandika, huondoka. Watoto wa Wazungu wana piano nyumbani, wana shangazi anayepiga, wana santuri za kusikiliza. Wetu wanatoka mashambani. Chepkurui, ambaye baba yake alikuwa anachunga ng'ombe wa mwenye shamba kule Ndabibi, alipoiona piano mara ya kwanza aliuliza nguo zinawekwa upande gani. Msichana kama huyo utampa karatasi yenye vitone vyeusi, umwambie apige wimbo ambao hata upepo haujawahi kuuleta kwao? Na piano ni moja, wasichana ni wengi. Mwalimu akiwapigia kipande, msichana anaondoka nacho kichwani mpaka mlangoni, kengele inalia, kinamwagika.

Mwishoni mwa 1954 mmisionari mmoja aliyekuwa akizunguka kunasa Maandiko kwa lugha za watu wa bonde alihamishwa, akatuachia mashine yake. Ilikuwa nzito kama mtoto wa ng'ombe. Juu yake magurudumu mawili yanazunguka, na utepe mwembamba wa rangi ya ukoko unatoka gurudumu moja kwenda jingine. Tundu la stima lilikuwa katika chumba cha kulia tu, basi mashine ikakaa kwangu, karibu na dirisha la kupitishia chakula. Mwalimu aliibeba mpaka kanisani kwa waya mrefu aliouunganisha mwenyewe, akapiga, akairudisha.

Nitaeleza nilichoona siku ya kwanza, na asiyeamini aje aniulize. Mwalimu alisimama mbele yangu, mikono ameifunga nyuma. Akageuza kitufe kwa kidole, akairudisha mikono nyuma. Tukasikia kikohozi, chake. Tukasikia sauti yake ikisema, "Haya, wasichana. Mgongo." Na wasichana wote, mdomo wake ukiwa umefungwa, wakanyooka. Kisha piano ikaanza. Mimi nilimzunguka Mwalimu nikaitazama mikono yake. Ilikuwa nyuma. Nilikuwa na mwiko mkononi na uji jikoni, na uji ule uliungua, na hakuna aliyenilaumu.

Wasichana waliipa mashine jina, Kasuku.

Mwalimu hakuifanya Kasuku kuwa mchezo. Kila kipande alikinasa kwanza mkono wa kulia peke yake, kama mtu anayeruka kwa mguu mmoja. Halafu wa kushoto. Halafu yote miwili polepole, na mwisho kama inavyopaswa. Na kwa kuwa piano ilikuwa kanisani na Kasuku alikuwa kwangu, alichukua utepe wa nywele akapima piano, akaja akachora funguo zake juu ya meza zangu za kulia kwa makaa. Nilizifuta. Akachora. Nilizifuta. Akaja na rangi ya mafuta, nyeupe na nyeusi. "Mwalimu," nikamwambia, "hapo watu wanakula." Akanijibu, "Mama Zeddy, wakae wale juu ya muziki, hautawadhuru." Tangu hapo meza zetu ziko hivyo, na bakuli la maharagwe linakaa juu ya noti za chini.

Mtu aliyepita dirishani jioni za wakati ule alisimama mwenyewe. Kasuku anapiga, na wasichana wamekaa safu kwa safu, migongo imenyooka, vidole vinatembea juu ya mbao. Hakuna sauti nyingine ila vidole vile, kama mvua ndogo juu ya ngozi. Nilikuwa namenya viazi vya Dundori na naona haya kuangusha ganda.

Si wote waliopenda. Bwana Kinyanjui, karani wetu, mtu wa maneno, alikuja akaegemea mlango.

"Mwalimu," akasema, "mtoto akilelewa na kasuku atakuwa kasuku. Atakurudishia mpaka kikohozi."

"Na wewe ulijifunza kusema kwa kumsikiliza nani?" Mwalimu akamuuliza.

"Kwa mama yangu. Lakini mama yangu hakuwa anachomekwa kwenye ukuta."

Walicheka wote wawili. Lakini mimi nilimwona Mwalimu baadaye akiitazama ile mashine kwa muda, ukoko mkononi, hajaula.

Alikuwa na sababu. Katika mtihani uliokuwa umepita, kabla ya Kasuku, wasichana wetu wengi walianguka, na kamati ya shule ilikuwa imesema kwamba 1955 ndio mwaka wa mwisho wa kujaribu. Wakianguka tena, piano iuzwe, zinunuliwe cherehani. Sina ugomvi na cherehani, ninayo moja. Lakini cherehani haijawahi kunifanya nisahau uji motoni. Na kwa Zeddy wangu jambo lilikuwa zito kuliko hapo. Chuo cha walimu kilikuwa tayari kumpokea kwa masomo ya muziki, kwa sharti moja, afaulu mtihani ule. Bila huo, angekuja kunisaidia kumenya viazi. Kumenya si aibu, lakini vidole vile havikuumbwa kwa kisu.

Mwezi wa Agosti Mwalimu alinasa vipande vya mwaka ule. Siku ya mwisho alikuwa na homa, jasho linamtoka, na nilimpelekea chai ya tangawizi kanisani. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, wimbo wa Kizungu wa kumlaza mtoto. Katikati ya wimbo ule kuna noti moja yenye alama juu yake kama jicho. Alinieleza maana yake: mpigaji akae hapo kidogo. Kidogo kiasi gani, karatasi haisemi, ni akili ya mpigaji.

Akapiga. Akafika kwenye jicho. Na pale pale honi ikalia getini. Treni ya alasiri ya Kisumu.

Mwalimu alifanya kama tunavyofanya sote. Alinyamaza mahali alipofika. Kidole kimebonyeza, mguu umekanyaga, macho amefumba. Vioo vya kanisa vilitetemeka, chai ikatetemeka, treni ikapita yote. Behewa la mwisho lilipokwisha akaendelea na wimbo, taratibu, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na birika na sikuona kwamba kuna lolote. Wala yeye. Ndivyo tunavyoishi.

Jioni ile alipelekwa hospitali. Kichomi, pande zote mbili.

Alilala huko wiki nyingi, na kulikuwa na siku ambazo Mama Akeyo alirudi kutoka wodini akiwa amejifunika leso usoni. Mwalimu Mkuu alitafuta mwalimu wa kuazima, lakini ilikuwa Hali ya Hatari, na yule wa Limuru aliyekubali hakupata kibali cha kusafiri. Basi wasichana wakabaki na Kasuku.

Jioni ya kwanza bila Mwalimu, Zeddy aligeuza kile kitufe. Kikohozi kikatoka, kile kile. "Haya, wasichana. Mgongo." Chepkurui akainuka akatoka nje mbio. Nilimkuta nyuma ya jiko.

"Mama, si vizuri," akaniambia. "Mtu anakufa kule, mikono yake iko hapa inacheza."

Nilimwambia, "Hajafa. Na kama mikono yake imekuja kazini mwili ukiwa mgonjwa, wewe mwenye mwili mzima unafanya nini nyuma ya jiko langu?" Akapangusa uso akarudi.

Lakini nami niliogopa, sitaficha. Nilikuwa nikitoka kumpelekea uji hospitalini, nikamwacha pale hata kijiko hawezi kukiinua, nikirudi shuleni naingia chumba cha kulia na kumkuta anapiga kwa nguvu zake zote. Niliwaza, Mungu alipotupa masikio alikuwa amekusudia haya? Bwana Kinyanjui naye, jioni moja nilimwona nje ya dirisha, kofia ameishika kifuani. Hakuingia.

Siku Mwalimu alipopata sauti, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Wamefika wapi?"

"Wanapiga, Mwalimu. Vyote."

"Mgongo?"

"Imenyooka."

Akafumba macho akalala.

Wimbo wa kumlaza mtoto ndio niliokuwa nikiungoja kila jioni. Na mahali nilipopapenda zaidi ni pale penye jicho. Noti inatoka, inakaa, treni inapita, inaisha, wimbo unarudi polepole. Nilimwambia Zeddy siku moja, huku tunamenya pamoja, "Unajua pale anafanya nini? Ni mama amesimama kuimba, anasikiliza kama mtoto amelala. Treni imepita, je, imemwamsha? Haikumwamsha. Basi anaendelea, lakini kwa sauti ya chini." Zeddy aliendelea kumenya. Anafanana na baba yake, akisikia jambo analiweka.

Mtahini alikuja Oktoba, mzee mrefu mwenye miwani ya uzi. Mtihani ukawekwa kanisani asubuhi yote mpaka alasiri. Sheria yao ni kali: ndani anakaa mtahini na mtahiniwa tu, mwalimu haruhusiwi kuingia wala kusema. Mwalimu Joash alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali juzi yake, amekonda kama fito, akaketi kwenye benchi chini ya dirisha la kanisa, blanketi mabegani. Mimi nilisimama karibu na sinia ya chai ya mtahini, ambayo niliitayarisha mapema kuliko ilivyohitajika.

Chepkurui aliingia kwanza. Vipande viwili vikapita vizuri, Mwalimu anaitikia kwa kichwa. Ukaja wimbo wa kumlaza mtoto. Chepkurui akafika kwenye jicho, akaibonyeza noti. Akangoja.

Hakukuwa na treni. Palikuwa na kimya, kirefu, kimya cha treni isiyokuwepo, na Chepkurui ndani yake amekaa, mgongo umenyooka. Mwalimu akashika ukingo wa benchi. "Amesahau," akanong'ona. "Mungu wangu, amesahau." Halafu Chepkurui akaendelea, hana wasiwasi hata kidogo, mpaka mwisho.

Akaingia mwenzake Jeruto. Akafika kwenye jicho. Akangoja, kiasi kile kile.

Hapo nilimwona Mwalimu akielewa. Rangi ilimtoka usoni kuliko alipokuwa wodini. "Mama Zeddy," akasema, "ni treni yangu. Wamejifunza treni yangu." Akalivuta blanketi. "Kinyanjui alisema. Nimelea makasuku."

Alitaka kuinuka aende kugonga mlango. Nilimkalisha, maana angeingia wangefutiwa wote. Ndani tulisikia mtahini akimuuliza Jeruto kwa nini amengoja, na Jeruto akijibu, "Mwalimu hungoja hapo, bwana." Ikasikika kalamu ikiwekwa chini.

Aliyefuata alikuwa wangu.

Zeddy akapiga. Akafika kwenye jicho, akangoja kama wenzake. Mtahini akamsimamisha kabla hajaendelea. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini dirisha lilikuwa wazi, na Zeddy alinieleza baadaye neno kwa neno.

"Na wewe unangoja nini hapo?" akamuuliza.

"Mtoto alale, bwana."

Mwalimu akanitazama, nami nikaitazama sinia.

"Je, mtoto akiwa mwepesi wa usingizi?"

"Basi hapangojwi sana."

"Nipigie huyo mwepesi."

Zeddy akarudi nyuma kidogo, akapiga, akafika kwenye jicho, akagusa, akapita. Ilikuwa kama mama anayechungulia mlangoni na kutabasamu. Hivyo Kasuku hajawahi kupiga. Hivyo hakuna aliyewahi kupiga mbele ya Zeddy.

"Sasa mtoto mkaidi."

Akapiga huyo mkaidi. Noti ikakaa, ikakaa, ikafifia mpaka huwezi kusema imeisha au masikio ndiyo yameishiwa, na ndipo wimbo ukarudi kwa chini sana, kwa kuogopa. Na mimi niliyemlea huyo mkaidi mwenyewe nilijua kila kipimo cha usiku wa namna ile.

Mtahini aliwaita tena Chepkurui na Jeruto, mmoja mmoja, akawaambia yale yale, wampigie mtoto wa namna hii na mtoto wa namna ile. Wakampigia. Wa Chepkurui alikuwa mtoto wa Ndabibi, aliyelala mara moja kwa uchovu wa kuchunga. Yalikuwemo yote ndani yao, yalikuwa yanangoja kuulizwa.

Mwalimu alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani. Mabega yanatikisika. Nilidhani ni kifua kimerudi.

"Nani alimwambia Zeddy habari ya mtoto?" akauliza humo ndani ya blanketi. "Mimi sikusema. Kwenye utepe sikusema."

"Ni mimi," nikasema, "tukimenya viazi. Lakini mimi niliijulia wapi, Mwalimu, kama si kwako? Wewe ulikuwa hospitalini, ulikuwa unaniimbia kila jioni."

Mtahini alitoka kunywa chai, iliyokuwa imepoa nikaibadilisha. Aliambiwa kwamba yule wa blanketi ndiye mwalimu. Akampa mkono. Akaanza kumuuliza kwa heshima imekuwaje wasichana wote, mmoja baada ya mwingine, wakangoja muda ule ule, kwani hata kule London hajaona darasa lenye...

Honi ikalia getini.

Tukanyamaza mahali tulipofika. Mwalimu mdomo wazi, mkono wake bado ndani ya mkono wa mtahini. Mimi birika limeinama, chai imekatwa. Mwalimu Mkuu kwenye ngazi, mguu mmoja juu. Bwana Kinyanjui na karatasi zake pale mlangoni. Treni ya Kisumu ikapita yote. Mzee yule alitutazama mmoja mmoja, midomo yake ikitikisika, akadhani tumepatwa na kitu. Behewa la mwisho likapita. Nikaendelea kumimina. Mwalimu Mkuu akaweka mguu wa pili. Na Mwalimu Joash akasema, kwa unyenyekevu kabisa, "Ni hiyo, bwana. Nilikuwa nangoja hiyo."

Mtahini alivua miwani. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi, akaomba chai nyingine, akaomba kumwona Kasuku, na akasikiliza utepe ule mpaka mwisho akiwa ameketi kwenye meza yangu, vidole vyake virefu juu ya funguo za rangi. Alipofika kwenye jicho hakucheka tena. Alingoja na treni yote.

Mwaka ule hakuna aliyeanguka. Zeddy alipata alama za juu kuliko msichana yeyote wa shule hii kabla yake, na cheti chake kimetundikwa kwangu, mahali ambapo mgeni hawezi kuingia bila kukiona. Kamati haikutaja tena kuuza piano. Bwana Kinyanjui, kwa mkono wake na bila kuambiwa, alipaka upya rangi ya funguo kwenye meza zote, akakosea nyeusi moja, na tumeiacha hivyo kwa heshima yake.

Tangu hapo Mwalimu amenasa vipande vya kila mwaka, na shule za Naivasha na Dundori hutuma watu kuja kusikiliza. Kabla ya kunasa, Mwalimu humtuma mtu kwanza hadi getini aulize treni iko wapi. Kwa kuwa utepe ulikuwa mmoja, ilibidi anase vipya juu ya vya zamani. Alipotaka kuufuta ule wa 1955 wasichana waligoma kula, jambo ambalo kwa mapishi yangu halijatokea kabla wala baada, na Mwalimu Mkuu akanunua utepe wa pili. Ule wa treni upo. Kikohozi kipo. Wasichana wanaoingia Januari watanyooshwa mgongo na mtu ambaye hawajamwona.

Zeddy alimaliza chuo mwaka jana, akarudi, na kuanzia Januari kiti cha piano ni chake. Nimeambiwa nisiandike juu ya Zeddy, kwa hiyo ninaishia hapo.

Mwalimu, ahsante kwa ukoko wote uliokula bila kuulizia nyama. Ahsante kwa kofia ya Baba Zeddy, ambaye hayupo tena lakini anasikika kila Jumapili kwenye noti za juu. Ahsante kwa watoto wa watu uliowafanya wanyooke. Nenda Nyanza ukapumzike na Mama Akeyo, kifua kiwe kizima, mtama uote, na kama huko ni kimya mno usiweze kulala, utuandikie tukuletee reli.

Ijumaa Mwalimu atapanda treni ya alasiri ya Kisumu. Tumeomba ruhusa, na hatutakuja stesheni. Tutakuwa kanisani, madirisha yote wazi, na Zeddy atakuwa kwenye piano na wimbo wa kumlaza mtoto. Mwalimu, ukifika getini na honi ikilia, utoe kichwa dirishani. Hutasikia kitu, najua. Lakini ujue kwamba Zeddy amefika kwenye jicho, kidole kimebonyeza, na shule nzima imenyamaza mahali ilipofika. Hatutaendelea mpaka behewa lako limepita.